Mama Mmoja na Shamba Zima

Mwezi uliopita nilikuwa Korogwe kwa shughuli ya ofisini iliyoisha mapema, jambo ambalo mimi na wewe tunajua halitokei mara nyingi. Nikawa na saa mbili za kupoteza kabla ya gari. Nikanywa chai na chapati moja, halafu miguu ikanipeleka yenyewe mtaa wa nyuma, mbele ya duka jembamba ambalo ningelitambua hata kwa kupapasa. Siku hizi wanauza kava za simu na chaja. Dada aliyekuwa ndani akaniangalia mkononi.

"Karibu dada. Simu yako aina gani?"

Nikamwambia sikuja kununua kava, ila zamani hapa palikuwa studio ya kusafisha picha. Akageuka akautazama ukuta wake uliojaa kava za rangirangi, kama vile anaitafuta hiyo studio. "Labda kabla sijazaliwa," akasema kwa adabu, akanisogezea kiti.

Nilikaa. Na nilipokaa yakanirudia yale ya mwaka niliokuwa darasa la sita kule Misima, mwaka ambao nilimvunja moyo rafiki yangu mbele za watu kwa sentensi tatu tu. Ngoja nikusimulie. Mwisho wake ni mwema, usiwe na wasiwasi.

Nililelewa na bibi mzaa mama. Wazazi wangu walikuwa Dar es Salaam wakihangaika na maisha, nami nikabaki Handeni, Misima, kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, uwanjani makopa ya muhogo yakianikwa juani na kuku wakifukuzwa kutwa nzima. Wewe uliyekulia kwingine hujui harufu ya makopa. Ni harufu chachu inayoingia kwenye nguo na kwenye nywele, na nikiinusa leo popote pale nasikia njaa. Jumamosi alfajiri tulikwenda lambo kuchota maji, ndoo kichwani, majani yenye umande yakitulowesha magoti. Maji Handeni yalikuwa kitu cha kutafutwa. Bibi alikuwa na Kiswahili cha wageni na Kizigua cha nyumbani, na akikasirika alivichanganya vyote viwili hadi ukashindwa kujua umetukanwa kwa lugha gani.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mtu wa Makuyuni, upande wa Korogwe. Alikuwa mrefu, mpole, na sauti yake ilikuwa ya chini mno, waliokaa dawati la nyuma walimsikia kwa kubahatisha. Muhula mmoja alirudi kutoka kwao na kamera aliyopewa na kaka yake. Ilikuwa nyeusi, imechubuka pembeni, kamba yake imekatika na kuunganishwa kwa utepe wa kiatu. Alisema hataki kuiweka kabatini. Akachagua watoto watano, sijui kwa kipimo gani, akatuambia sisi sasa ni kundi la picha.

Mkanda mmoja ulikuwa na picha thelathini na sita. Kila mtoto picha saba, na moja iliyobaki ya mwalimu. Kamera ilizunguka, leo kwako, kesho kwa mwenzako, imefungwa kwenye taulo ndani ya mkoba. Ukibonyeza umebonyeza. Hakuna kuangalia, hakuna kufuta. Mwisho wa mwezi mwalimu alipokwenda kwao aliupitisha mkanda pale studio ya Korogwe, alikotupeleka sote mara moja kuiona, na aliporudi alikuja na bahasha inayonuka dawa. Sisi tulikuwa tumeshasahau nusu ya tulivyovipiga.

Jumamosi, baada ya kazi za nyumbani, tulikutana darasani. Picha zilitandazwa mezani, moja moja. Mwalimu alikuwa na sheria zake za kuzizungumzia, na hakuziandika popote. Kwanza useme unachokiona, siyo unachokipenda. Kisha uulize swali moja. Kisha useme wewe ungefanyaje kama kamera ingekuwa mkononi mwako. Mwenye picha hafungui mdomo mpaka wote wamalize, na akifungua, neno lake ni moja tu: nimesikia.

"Na kama sikubaliani nao?" niliuliza siku ya kwanza.

"Kusikia siyo kukubali," mwalimu alisema. "Ni kusikia."

Picha yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya bibi akipika. Niliipiga jikoni kwake, ndani, moshi umetanda. Kichwani mwangu ilikuwa picha nzuri kupita zote. Ilipotoka kwenye bahasha ilikuwa nyeusi tii, na chini kidogo doa jekundu.

"Naona giza," akasema wa kwanza.

"Naona giza pia," akasema wa pili, na watu wakacheka.

Rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja, aliiinamia kwa muda. "Naona moto," akasema. "Moto umeupata. Ningekuwa mimi, ningemwomba bibi avute kigoda mpaka mlangoni kwenye mwanga." Alisema kweli, tena kwa upole, lakini mimi nilisikia kicheko cha wale wengine tu. Nilisema "nimesikia" huku meno yameumana. Nikaapa moyoni kwamba siku nyingine watacheka nikiwachekesha, siyo kunicheka.

Na nikaweza, maana mdomo ninao tangu utotoni. Wiki zilizofuata nikawa ndiye mtu anayesubiriwa. Picha ya mbuzi iliyopigwa kwa nyuma niliisema mpaka mwenye picha mwenyewe akatokwa na machozi kwa kucheka. Polepole nikaacha kuziangalia picha. Nilikuwa natafuta tu pa kuingizia maneno, na kicheko kilikuwa kitamu kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga.

Sasa nikueleze habari za rafiki yangu. Watu wa kwao waliteremka kutoka milima ya Usambara yeye akiwa darasa la kwanza, wakanunua shamba bondeni. Mama yake tulimwita mama wa milimani, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama njia za huko kwao. Rafiki yangu hakuwa msemaji. Picha zake saba alizimaliza wa mwisho siku zote. Alikuwa anaweza kukaa na kamera mchana kutwa akabonyeza mara moja.

Masika ya mwaka ule baba yake alianguka na baiskeli yenye gunia la makopa, paja likavunjika. Akapelekwa hospitali Korogwe, mguu ukaning'inizwa kwa vyuma, na kaka yao mkubwa akaenda kumuuguza. Ikawa wiki, ikawa mwezi. Mimi nilijua, kijiji kizima kilijua. Nilikuwa nimekwenda na bibi kuwapa pole, tumebeba mbaazi kwenye ungo.

Jumamosi ninayokuambia, mvua ilikuwa inapiga bati hata mwalimu akalazimika kupaza sauti. Picha ya rafiki yangu ikawekwa mezani. Mahindi, mahindi, mahindi, yamefika magotini, yamejaa magugu, yanakwenda mpaka mwisho wa karatasi. Juu mawingu mazito. Na pembeni kabisa, mdogo kama punje, mtu ameinama. Tulijua ni mama yake kwa sababu alikuwa ametuambia anampiga picha mama.

Zamu yangu ikafika. Wote wakanigeukia, tayari wanatabasamu.

"Naona mahindi," nilisema. Kicheko kikaanza. "Swali langu ni hili: mama yako umemficha wapi?" Kikazidi. "Ningekuwa mimi, kamera ningempa mbuzi. Angalau yeye angemsogelea."

Mmoja alipiga dawati kwa kiganja. Mwingine aliegemea ukuta, kashika tumbo. Mwalimu hakucheka. Rafiki yangu naye hakuinua macho.

"Nimesikia," akasema.

Mvua ilipopungua akaondoka. Picha aliiacha mezani.

Jumatatu nilikuta dawati letu lina mtu mmoja, nami ndiye huyo mmoja. Alikuwa amehamia mbele. Nilimwita mapumziko, akapita kama amesikia mbwa akibweka nyumba ya tatu. Jumatano ilikuwa zamu yake ya kamera kwa mkanda mpya. Asubuhi ileile aliirudisha kwa mwalimu, taulo na mkoba na vyote.

Mchana mwalimu akaniita ofisini. Nilijiandaa kwa fimbo. Alikuwa anasahihisha madaftari na hakuacha.

"Mwenzako anasema hajui kupiga picha," alisema. "Kwa hiyo hizi saba zake ni zako sasa. Pamoja na saba zako, kumi na nne. Umezipata kwa mdomo wako."

"Mwalimu, mimi sizitaki."

"Chukua."

Nikachukua. Na juu ya mkoba akaniwekea ile picha ya mahindi. Bora angenichapa. Fimbo inauma inaisha, lakini ule mkoba niliubeba njiani ukanielemea kuliko ndoo ya maji.

Bibi alikuwa uwanjani anachekecha unga wa muhogo, mikono na nyusi zimekuwa nyeupe. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. "Una nini wewe?" akaniuliza kabla sijamwamkia. "Unatembea kama mtu aliyevunja chungu cha wenyewe."

Nikampa picha. Sijui kwa nini nilimpa, labda kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kuanza. Bibi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alijipangusa mikono kwenye kanga, akaishika picha mbali na macho, akasogea penye mwanga.

"Shamba la mama wa milimani," akasema.

"Umejuaje, bibi? Mbona haonekani?"

"Haonekani kwa nani? Si huyu hapa." Akaweka ukucha wenye unga juu ya ile punje. "Tazama huku, pamepaliliwa. Mstari, mstari, mstari, halafu unaishia kwake. Na huku kote magugu. Unaona jembe la pili? Hakuna. Mvua hiyo juu inakuja, na mtu ni mmoja." Akanirudishia. "Mtoto huyu ana macho. Amepiga taabu ya mama yake."

Nikaitazama tena. Naomba uniamini nikikuambia kwamba ilikuwa picha nyingine. Angemsogelea mama yake, tungeuona uso tu, uso wa mama yeyote. Alikuwa amerudi nyuma makusudi, pengine amelowa, amesimama kwenye tuta peke yake, mpaka shamba lote likaingia. Na mimi, niliyejua baba yao yuko wapi, niliyebeba mbaazi nyumbani kwao, nilikuwa nimesema nitampa kamera mbuzi.

Nikalia. Kisha nikamweleza bibi kila kitu, mpaka habari ya mbuzi. Alirudi kwenye unga wake, akachekecha, akachekecha.

"Ulipotapika ndipo utakapofagia," akasema hatimaye. "Ulisema mbele ya watu, utafuta mbele ya watu. Usiende kumnong'oneza chooni. Lakini kwanza Jumapili tunakwenda shambani kwao. Hakuna kuomba radhi mikono mitupu."

Jumapili tulitoka watu wanne, mimi na bibi na kina mama wawili wa jirani aliowaomba, kila mtu na jembe lake. Udongo ulikuwa umelowa vizuri, ule udongo mwekundu unaong'ang'ania visigino. Mama wa milimani alitupokea kwa furaha, shikamoo na marahaba zikapita, kila mtu akapewa mstari. Wangu ulipakana na wa rafiki yangu.

Kabla hatujaanza nikamnyooshea mkoba. "Saba zako hizi."

"Sijui kupiga," akasema. "Si ulisema mwenyewe." Akainama, akaanza kupalilia.

Tukapalilia. Yeye mstari wake, mimi mstari wangu, hatua mbili kati yetu, asubuhi nzima bila neno. Malengelenge yalinitoka kwenye viganja yakapasuka. Mara nyingine nilibaki nyuma, na nilipoinua kichwa nilimkuta kasimama mbele anaangalia mawingu, halafu akaniona naye akainama haraka. Sikujua kama alikuwa ananisubiri au anapumzisha mgongo.

Mchana tukakaa kivulini kando ya shamba. Kulikuwa na bada, ule ugali wa muhogo unaovutika, na mlenda, na dagaa wachache. Tulinawa kwa kikombe kimoja cha maji, yakipita mkono kwa mkono. Mama wa milimani akanigeukia.

"Wewe ndiye mwenzie kwenye mambo ya picha. Hebu niambie, mwanangu. Ile aliyonipiga iko wapi? Kila nikimuuliza ananiambia imeungua."

Rafiki yangu aliacha kutafuna. Mikanda ilikuwa inaungua kweli siku zile, ikipigwa na mwanga. Ulikuwa uongo mzuri, usioulizika. Ningesema tu "ndiyo, mama, imeungua," mambo yangekwisha, rafiki yangu asiumbuke, nami nisiumbuke. Na picha ilikuwa kwenye mkoba uleule wa kamera, ndani ya daftari langu, hatua moja kutoka nilipokaa. Nilimtazama bibi. Alikuwa anamega tonge lake bila haraka, kama mtu asiyehusika.

Nikavuta mkoba. "Haikuungua, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyeiunguza kwa maneno yangu." Nikampa. Nikamwambia nilichosema darasani, chote. Nilipofika kwenye mbuzi nilirudia mara mbili ndipo nikasikika.

Akajipangusa mkono, akaipokea. Aliinamia karatasi ile. Upepo ulipita juu ya mahindi.

"Kumbe ni kubwa hivi," akasema taratibu. "Ukiwa ndani yake huoni. Unaona huo mstari ulio nao tu." Akamtazama binti yake. "Ulisimama wapi?"

"Kule kwenye tuta," rafiki yangu akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka waone unavyolima peke yako."

Mama akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na bada. "Hii nampelekea baba yenu. Kila mtu anayetoka huku anamuuliza palizi imefika wapi. Wanamwambia inaendelea. Haamini. Sasa ataona mwenyewe." Kisha akalisukuma bakuli la mlenda mbele yangu. "Kula wewe. Mistari bado ipo."

Nikala. Sijawahi kula bada tamu kama ile, na sikuitafuna, iliteremka yenyewe.

Jioni tulipokuwa tunakusanya majembe, rafiki yangu alikuja akasimama mbele yangu, akanivua mkoba begani.

"Lete huo."

"Si umesema hujui?"

"Nilisema sijui. Sikusema sitaki."

Ikabaki Jumamosi. Mama wa milimani alikuwa ameshakwenda Korogwe na ile picha, kwa hiyo sikuwa na cha kuweka mezani. Nilimwomba mwalimu ruhusa, nikasimama mbele ya wale wenzangu waliozoea kunisubiri nichekeshe. Mmoja alikuwa ameanza kutabasamu tayari.

"Nataka kusema upya juu ya picha ya wiki mbili zilizopita," nikasema. "Haipo hapa, lakini naiona. Naona mama mmoja na shamba zima. Naona mistari iliyopaliliwa inaishia miguuni kwake. Naona mvua inakuja na jembe la pili halipo. Swali langu ni: ulikaa muda gani kwenye tuta kabla ya kubonyeza? Na ningekuwa mimi..." Hapo nikakwama. Bibi hakunifundisha sehemu hiyo. "Ningekuwa mimi nisingeiweza. Ningemsogelea. Nilisema vibaya, tena niliwachekesheni kwa picha ya mama wa mwenzetu. Naomba radhi."

Hakuna aliyecheka. Yule aliyepiga dawati siku ile alikuwa anachora chora kwa kidole juu ya dawati hilohilo.

"Nimesikia," akasema rafiki yangu. Halafu akamgeukia mwalimu. "Naruhusiwa kuuliza?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Mbona siku ile hukuyaona yote hayo?"

"Nilikuwa natafuta cha kuchekesha," nikasema. Ndilo jibu nililokuwa nalo, na lilikuwa kweli.

Nilitegemea mwalimu aongeze maneno, atoe funzo, kama walimu wanavyopenda. Alifungua bahasha. "Haya," akasema, "picha inayofuata." Na Jumatatu nikakuta begi la rafiki yangu juu ya dawati letu, na yeye mwenyewe amekaa upande wake, ananiuliza kama nimefanya hesabu za nyumbani.

Baba yake alirudi mvua zikiisha. Aliteremka kwenye gari la kutoka Korogwe akiwa amekonda, na magongo mawili, na nusu ya kijiji ikaenda kumlaki. Mimi nilijificha nyuma ya bibi. Haikusaidia. Tulipofika nyumbani kwao aliuliza, "Yuko wapi yule binti wa mbuzi?"

Nikasogea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesema mama yao haonekani?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Akaitoa picha mfukoni mwa shati. Ilikuwa imechakaa pembe zote nne. "Hii imezunguka wodi nzima," akasema. "Kila kitanda. Wakulima wote waliovunjika huko Korogwe wameiona. Mmoja anasema ekari mbili, mwingine anasema tatu, mwingine anasema huyo mama palizi ameianzia upande usio sawa. Wakagombana mpaka muuguzi akaja. Na mzee mmoja wa kitanda cha mlangoni akasema kama wewe, kwamba haoni mtu hapa, anaona mahindi tu." Akairudisha mfukoni. "Lakini yeye miwani yake ilikuwa imevunjika."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote, nikacheka mpaka nikaketi chini. Ndipo mama wa milimani, akiwa anagawa uji, akaniinamia sikioni. "Bibi yako alikuja kunieleza yote tangu Jumamosi jioni, siku moja kabla hamjaja na majembe," akasema, "kuniomba nafasi ya kuwaleta shambani. Nilitaka tu kuona utaitoa au utaificha." Nikamgeukia bibi. Alikuwa anapuliza uji wake kama mtu asiyehusika.

Siku hizi mambo yale hayapo. Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata akaondoka na kamera yake, na mikanda ile sijui iliishia kabati gani. Picha yenyewe baba wa rafiki yangu aliiacha mfukoni, ikafuliwa pamoja na shati, ikatoka karatasi tupu. Bibi tulimzika. Lile shamba limegawanywa viwanja, zimesimama nyumba za matofali na mnara wa simu. Rafiki yangu yuko Handeni mjini, anafundisha, na picha anazonitumia huwa nakaa nazo kwanza, namjibu kesho yake. Anajua kwa nini, haulizi.

Watu huniambia nisilie na zamani, kwamba leo kila mtoto ana kamera mfukoni, na ni kweli, na ni jambo jema. Ninachokikosa siyo kamera. Nakosa zile wiki za kungoja, picha ikiwa imeshapigwa na bado hakuna anayeijua, hata mwenyewe. Nakosa chumba kile ambamo mtu alilazimika kunyamaza wenzake wakisema, na waliosema walilazimika kukaa pale wamwangalie usoni. Leo neno baya linatupwa kutoka mbali, mtupaji halioni linapoangukia, na hakuna bibi wa kumpeleka shambani na jembe.

Nilimshukuru yule dada wa kava, nikaenda kupanda gari. Njiani, mashamba ya mkonge yakipita dirishani, nilijikuta nacheka peke yangu. Nilishukuru kwamba nilikosea nikiwa na miaka kumi na miwili, mahali padogo, mbele ya watu walionijua, na kwamba walinisahihisha mapema, masika yaleyale, mahindi yakiwa bado mabichi.